Majina Kumi na Matatu ya Hénock

Mwezi wa kwanza Hénock alijifanya mjinga, na kazi hiyo aliifanya vizuri.

Alikaa mbele ya daktari wa timu, katika chumba kidogo nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo huko Randburg, akasomewa maneno kumi: kijiko, mlango, chungwa, daraja, na mengine ya namna hiyo. Akaambiwa ayarudie. Yote kumi yalikuwa yamejipanga kichwani mwake kama wanafunzi mstarini. Akataja matano, akakuna shingo, akasema basi, mengine yamemtoka. Alipotakiwa kutaja miezi ya mwaka kuanzia Desemba kurudi nyuma, alipotea Agosti kwa makusudi. Alipotakiwa kusimama kwa mguu mmoja amefumba macho, aliyumba akashika meza.

Daktari alikuwa mama wa makamo anayeitwa Refilwe, mtaratibu, ambaye hakuwahi kumpandishia mchezaji sauti. Aliandika alichoandika, kisha akamtazama kijana juu ya miwani.

"Umelala vizuri jana?"

"Vizuri, dokta."

"Umekula?"

"Nimekula."

Akamtazama tena kidogo, akaifunga faili.

Nje, Bakiri alikuwa anamsubiri, ameegemea ukuta na viatu vya mazoezi shingoni. Bakiri alikuwa mchezaji mkongwe kuliko wote katika timu ya Nungunungu, mtu wa Tanga aliyepita miaka thelathini, mwenye masikio yaliyokunjamana kwa kusuguana na mabega ya watu. Ndiye aliyemfundisha Hénock mchezo huu wa pili, usiochezwa uwanjani.

"Ngapi?" aliuliza Bakiri.

"Tano."

"Ahaa! Mtu mzima wewe. Mwaka juzi mimi nilisema matatu, wakataka kunipeleka hospitali."

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi. Jaribio la Januari lilikuwa kipimo cha mchezaji akiwa mzima. Mchezaji akigongwa kichwa katikati ya msimu, hupimwa tena, na majibu hulinganishwa na yale ya Januari. Akiwa ameshuka, hukalishwa benchi wiki tatu, pengine zaidi, na nafasi yake huchukuliwa na mwenzake. Lakini aliyeanzia chini hana pa kushukia.

Mtu mwingine labda angesita. Hénock hakusita hata kidogo, kwa kuwa nyumbani kwao alilelewa hivyo.

Alizaliwa Uvira, akaingia Johannesburg akiwa na miaka minne, mgongoni mwa baba yake, huku mama yake amembeba mdogo wake Gaëlle aliyezaliwa katikati ya safari. Walifikia Doornfontein, kwenye jengo la ghorofa sita ambalo lifti yake ilikuwa imekufa kabla hawajafika, na hadi leo wapo hapo hapo. Baba yake, Lambert, ni mlinzi wa lango la maghala huko Midrand, na anachotakiwa kufanya kazini ni kutomwamini anayeingia wala anayetoka. Mama yake, Marthe, ana saluni ya viti viwili chini ya jengo hilo, kati ya fundi viatu na duka la vifuniko vya simu.

Walipoomba hifadhi, jirani mmoja aliwaonya: ukitaja nchi nyingi ulizopita, utaulizwa kwa nini hukubaki huko. Basi Lambert, mbele ya meza ya ofisi, alitaja njia fupi ambayo hawakuipita. Njia ya kweli ikabaki nyumbani, na tangu siku hiyo pakawa na sheria ambayo watoto waliijua kabla ya kujua kusoma.

"Mutu mwenye kalamu," Lambert alikuwa akisema, "umujibu kile ameuliza. Usiongeze kitu."

Kwa hiyo Hénock alipoona karatasi ya daktari, aliona karatasi kama zile nyingine zote alizoziona maishani. Karatasi ilikuwa kitu cha kuvuka.

Raga aliikuta shuleni. Alikuwa na mbio, alikuwa na mikono inayodaka mpira wa juu bila kutetereka, na hakuwa na woga wa kugongwa. Baadaye aliingia raga ya watu kumi na watatu, ile ambayo mtu akiangushwa huinuka, huupitisha mpira nyuma kwa mguu, na mchezo ukaendelea. Ni hadi timu iangushwe mara sita ndipo mpira uhamie kwa wapinzani. Hakuna kupumzika katika mchezo huo. Ni mbio, kishindo, kuinuka, mbio. Akawa fulubeki, mtu wa mwisho nyuma, anayevaa jezi namba moja. Akiwa na miaka kumi na tisa Nungunungu walimpa mkataba, akawa mchezaji wa kulipwa, mmoja kati ya watano tu katika kikosi kizima. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na watu wa kanisani walimwita "profesheno" kwa utani uliochanganyika na heshima.

Mwezi wa tano, katika mechi na timu moja ya Pretoria, aliinama kuokota mpira uliodunda vibaya, na goti la mtu likamkuta kwenye paji. Hakuzimia. Aliona uwanja umegeuka mweupe kama umemwagiwa unga, kisha rangi zikarudi moja moja. Akainama kufunga kamba za viatu, ingawa zilikuwa zimefungwa. Hilo pia alifundishwa na Bakiri: ukiinama kufunga kamba, hakuna anayekuona macho.

Dokta Refilwe alimtoa hata hivyo. Kwenye chumba kile kile akamsomea maneno kumi, orodha nyingine. Hénock hakujifanya safari hii. Alikaza akili yote aliyokuwa nayo, akayatafuta maneno kama mtu anayepapasa kabati gizani, akapata sita.

"Sita," alisema daktari. "Januari ulipata tano. Umepanda."

"Nimelala vizuri," alisema Hénock.

Daktari hakucheka. Aliendelea na miezi, akaendelea na mguu mmoja, na kila kitu kikaonekana sawa au bora kuliko Januari. Hakuwa na sababu ya kumzuia. Lakini alipokuwa anaifunga faili, kalamu yake ilibaki hewani kitambo, na Hénock akaiona. Akaondoka akijua mambo mawili: kwamba daktari ameanza kumshuku, na kwamba safari hii yale sita yalikuwa ndiyo yote aliyokuwa nayo.

Baada ya wiki mbili ndipo habari ya Uingereza ilipokuja. Klabu moja ya kaskazini huko ilikuwa imetazama video zake na ilimtaka kwa misimu miwili. Wakala alipiga simu akiwa anapumua juu juu kwa furaha. Kilichobaki kilikuwa kimoja: barua ya daktari wa timu yake, iliyosainiwa kabla ya mwisho wa Julai, kuthibitisha kwamba kichwa chake ni kizima. Bila barua hiyo, safari hakuna.

"Huyu wakala," aliuliza Lambert, "yeye anapata nini?"

"Sehemu yake, papa. Ni kawaida."

"Mbona anafurahi kukushinda weye?"

Ndivyo nyumba yao ilivyopokea baraka: kwa kuigeuza geuza kutafuta ilipotoboka.

Kuanzia hapo Hénock aliishi kama mtu aliyebeba yai mfukoni. Mwanga wa robot, zile taa za kuongoza magari barabarani, ulimchoma macho, akavaa miwani ya jua hata siku za mawingu. Kelele za chumba cha kubadilishia nguo zilimfanya ajisikie kutapika. Aliwahi kushuka kwenye teksi, daladala za huko, kituo kimoja kabla ya chake, akasimama akijiuliza anakwenda wapi. Aliyaficha yote. Naye, kama kila anayeficha, akaanza kuona macho kila mahali. Kocha akimuuliza habari za asubuhi, alijiuliza kwa nini. Zaidi ya wote alimchunguza Nassir, binamu yake Bakiri, kijana wa miaka kumi na tisa aliyekuwa fulubeki wa akiba. Nassir alikuwa na tabia ya kumtazama akiwa mazoezini. Huenda alikuwa anajifunza. Huenda alikuwa anasubiri.

Mahali pamoja tu hakupachunguza, napo ni kwenye kiti cha mama yake.

Kila Alhamisi jioni, wateja wakiisha, Marthe humkalisha mwanawe mbele ya kioo, humfunga kitambaa shingoni na kumnyoa. Amemnyoa hivyo tangu utoto. Na anaponyoa, Hénock hutaja njia. Alipoanza shule, Marthe aliogopa mji huu utamla mtoto. Akamfundisha majina ya mahali pote walipopita, ili akipotea au akirudishwa ajue alikotoka. Ni majina kumi na matatu: Uvira, Baraka, Kalemie, Moba, Pweto, Lubumbashi, Kasumbalesa, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge, Musina, Doornfontein. Kama nyumba nyingine zinavyosali kabla ya kula, wao walitaja njia. Hakuna aliyefikiri kuacha eti kwa kuwa mtoto amekuwa na mabega ya kuziba mlango.

Alhamisi moja ya mwezi wa sita, Gaëlle alikuwa amekaa kiti cha pili akitafuna karanga na kuchezea simu.

"Sema njia," alisema Marthe, mashine ikiunguruma.

"Uvira, Baraka, Kalemie, Pweto, Lubumbashi..."

"Eish, yaya!" Gaëlle alimwita kaka yake, akiinua kichwa. "Umeniacha njiani!"

"Nimekuacha wapi?"

"Moba! Nimezaliwa wapi mimi? Kwenye teksi ya Randburg?"

"Aa, Moba. Nilikuwa natania. Nilitaka kuona kama unasikiliza."

"Unatania na birth certificate yangu, siyo?"

Walicheka wote wawili. Mashine ilikuwa imenyamaza. Hénock aliinua macho kwenye kioo akamwona mama yake amesimama nyuma yake, mkono mmoja umelala juu ya kichwa chake, kama mtu anayesikiliza kama chungu kimeanza kuchemka. Kisha mashine ikaunguruma tena.

"Endelea," alisema Marthe. "Lubumbashi."

Alhamisi iliyofuata alitaja Lusaka mara mbili, akaruka Chirundu na Musina. Marthe alimpangusa nywele shingoni, akaenda kwenye droo ya meza yake kuweka mashine, akakaa huko kuliko ilivyohitajika. Hénock alidhani anatafuta mafuta.

Alhamisi ya tatu hakutaka kubahatisha. Aliyaandika majina yote kwa wino ndani ya kiganja, akakaa mikono imetulia mapajani chini ya kitambaa, na kila alipohitaji alikiinua kitambaa kidogo, kama mtu anayejikuna. Akataja kumi na matatu bila kukosea.

"Muzuri," alisema Marthe. "Muzuri sana."

Alifurahi, kisha akaona aibu kwa kufurahi. Alipokuwa anatoka, ndipo alipokumbuka kwamba kioo cha saluni kinaonyesha kila kitu, hadi mapajani.

Jumatatu akaitwa na daktari. Haikuwa siku ya vipimo. Ujumbe ulikuja kwenye simu yake: Alhamisi, saa nne asubuhi, uje peke yako, tutarudia jaribio kabla sijasaini barua. Akausoma mara tatu. Barua ilikuwa imekwisha kuandaliwa. Wakala alithibitisha hivyo Ijumaa. Kati ya Ijumaa na Jumatatu kuna mtu aliyezungumza.

Na mtu aliyejua siri ya Januari alikuwa mmoja tu.

Alimsubiri Bakiri mazoezi yalipoisha, kwenye maegesho ya magari, jua la Julai likiwa jembamba na majani ya uwanja yamekauka rangi ya mkate. Bakiri alikuja akichechemea kama kawaida yake, anapiga mluzi.

"Kaka Bakiri. Umemwambia nini daktari?"

"Daktari yupi?"

"Usinichezee. Nimeitwa tena. Nani mwingine anajua?"

Mluzi ulikufa. Bakiri aliliweka begi chini polepole.

"Ati mimi nimekusemea?"

"Nassir anapata jezi yangu nikikalishwa. Nassir ni damu yako."

"Nassir!" Bakiri alicheka cheko kavu. "Nassir akidaka mpira wa juu mmoja kati ya mitatu, shangazi yangu anachinja kuku. Sikiliza, mdogo wangu. Mimi nikikusemea wewe, nimejisemea mwenyewe. Daktari atauliza: huyu kafundishwa na nani? Wallahi nina msimu mmoja tu uliobaki katika magoti haya; nitauchoma kwa ajili ya Nassir?"

Hénock aliyapima maneno hayo. Jibu lilikuwa na akili, na ndiyo maana hakuliamini upesi.

Bakiri alitazama pembeni, kama anayehakikisha hakuna anayesikia. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Unaumwa kweli?"

"Kidogo."

"Kidogo gani?"

"Nasahau."

"Hm." Bakiri alitoa funguo zake mfukoni akaziangalia. "Juzi nimesimama mlangoni kwangu na hizi mkononi. Ufunguo umeingia, lakini sikumbuki unazungushwa upande gani. Nimesimama pale mpaka mke wangu Saida akafungua kwa ndani, akasema, we mwanamume, unapeleleza nini? Nikamwambia nasikiliza kama umepika." Akacheka tena, kisha akaacha. "Nilikufundisha vibaya. Lakini kukusemea, hapana. Katafute mwingine."

Akaondoka. Hénock akabaki amesimama, orodha yake ya washukiwa imebaki bila jina la kwanza. Njia nzima ya kurudi mjini aliwapima mmoja mmoja. Kocha alimtaka abaki; basi huenda ni kocha. Wakala alikuwa na mchezaji mwingine wa kuuza. Baba yake hakuwahi kuitaka safari hii. Mama yake hakumweka kwenye orodha. Mama yake alikuwa hajawahi kukanyaga Randburg, na hakumwamini mtu yeyote mwenye kalamu.

Alhamisi saa nne alikaa kwenye kiti kile kile. Dokta Refilwe alimsomea maneno kumi. Hénock akapata saba. Miezi akaimaliza. Kwa mguu mmoja alisimama vizuri.

"Saba," alisema daktari. "Wewe ni mtu wa ajabu. Kila ukigongwa unakuwa hodari zaidi."

"Kwa hiyo utasaini?"

"Bado moja." Aliivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Kutoka chini ya faili akatoa kikaratasi kigumu cha rangi ya waridi, akakishika ili Hénock asione kilichoandikwa. "Nitajaribu kutamka. Unisamehe nikikosea. Uvira."

Hénock alisikia masikio yake yakiziba.

Ilikuwa kadi ya saluni. Zile ambazo Marthe huwaandikia wateja siku ya kurudi, zenye picha ya mwanamke mwenye misuko pembeni. Hata kwa nyuma aliijua, na wino wa mwandiko uliokandamizwa sana ulikuwa umetokeza upande wa pili.

"Umeipata wapi?" alisema, akijua swali hilo ni la kijinga. "Nani amekupa?"

"Alikuja Jumamosi. Amebadilisha teksi mara mbili, akapotea, akaniuliza mimi mwenyewe daktari yuko wapi. Amekaa hapo ulipokaa. Aliniapisha kwamba kadi hii sitaipeleka popote, na nikaapa." Daktari aliigusa kadi kwa kidole. "Amenieleza kwamba hii haijawahi kutoka nyumbani kwenu. Hakunieleza kwa nini, nami sikumuuliza."

"Hajui mambo ya raga."

"Hajui. Lakini anaandika. Kila Alhamisi, tangu Januari mwaka huu, tarehe na idadi. Ameniambia alianza mwaka mpya kwa sababu mlikuwa mnaanza msimu na moyo wake haukutulia. Januari zote ni kumi na tatu. Februari, Machi, Aprili, kumi na tatu. Mei, katikati, kumi na mbili. Sasa Juni: kumi na mbili, kumi na moja. Na wiki iliyopita ameandika kumi na tatu, halafu akaweka mstari chini na neno ambalo sikulielewa, nikamuuliza. Akasema maana yake ni: amesoma mkononi."

Hénock alikitazama kiganja chake. Wino ulikuwa umekwisha kutoka, lakini alikikunja.

"Januari wewe ulinidanganya," alisema daktari, bila hasira. "Sijui nani alikufundisha na leo sitauliza. Karatasi yangu ya Januari haina thamani. Mama yako ndiye mwenye Januari ya kweli. Haya. Uvira."

Bado palikuwa na mlango. Angeweza kusema hayo ni majina tu ya mama mwenye wasiwasi, hayahusu kitu. Angeweza kukasirika, kumwita wakala, kudai karatasi rasmi na namba zake zilizopanda. Baba yake angemwambia hivyo hivyo: mjibu kile ameuliza. Barua ilikuwa mezani, imeandikwa, inangoja saini.

"Uvira," alisema. "Baraka. Kalemie." Akasimama. Alijua kuna kitu hapo. Alimwona Gaëlle akitafuna karanga, alisikia kicheko chake, aliliona pengo lenyewe kama jino lililong'oka, na jina halikuja. "Pweto. Hapana. Kabla ya Pweto kuna pahali. Mdogo wangu amezaliwa hapo." Alisubiri. Nje, mtu alikuwa anapiga mpira ukutani, dum, dum. "Sikumbuki, dokta. Sikumbuki, na kichwa kinaniuma tangu Mei."

Katika miaka ishirini na mmoja, hilo lilikuwa jibu la kwanza alilompa mtu mwenye kalamu likiwa na ziada ya kilichoulizwa.

Daktari hakusaini barua ile. Aliandika nyingine, ya kumpumzisha kabisa, akampeleka kwa mtaalamu wa ubongo, akamwambia hatagusa mpira hadi atakaporuhusiwa, na kwamba hataruhusiwa kwa maneno kumi pekee. Kisha akakitia kikaratasi cha waridi kwenye bahasha. "Mrudishie mama. Sikutoa nakala." Hénock aliichunguza bahasha mbele na nyuma kabla ya kuipokea. Aliamini nusu.

Klabu ya Uingereza ilijibu kwa mistari minne. Walimtakia afya njema. Wamempata fulubeki mwingine. Aandike tena mwakani akiwa mzima. Wakala hakupiga simu. Jumamosi hiyo Nassir alivaa jezi namba moja, akadaka mipira miwili kati ya mitatu.

Nyumbani hapakukalika. Lambert alipoiona kadi alipauka.

"Umeandika," alimwambia mkewe. "Kwa mukono yako. Njia yote. Umempa mutu wa ofisi."

"Siyo mutu wa ofisi. Ni daktari."

"Ana kalamu!"

"Ana kalamu," alikubali Marthe. "Na mimi iko na mutoto mumoja tu mwanaume. Ungenipatia njia ingine, ningepita hiyo."

Lambert aliichukua kadi akaenda nayo kwenye jiko. Akakaa nayo muda mrefu karibu na moto bila kuichoma. Mwishowe akaiweka ndani ya Biblia, akasema wakija kuuliza, yeye hakuwahi kuiona.

Hénock hakuzungumza na mama yake siku sita. Alikuwa na mengi ya kumwambia, yote makali, na kila alipoyapanga yalimtoka. Siku ya saba ilikuwa Alhamisi. Nywele zilikuwa zimeota. Alizunguka jengo mara mbili, akapita mbele ya fundi viatu kana kwamba anakwenda mbali, kisha akaingia saluni akakaa.

Marthe hakumsalimu. Alimfunga kitambaa. Mikono yake ilipitia kichwani polepole, kuanzia paji hadi kisogoni, kama inahesabu.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema Hénock.

"Ungenidanganya."

Hénock akaitoa mikono yake miwili chini ya kitambaa, akaiweka juu ya magoti, viganja vikitazama dari, vitupu.

"Sema njia," alisema Marthe.

Akasema. Alikwenda taratibu, akipumzika katika kila jina. Aliposikia Moba likitoka mdomoni mwake, alitaka kugeuka, lakini mkono wa mama ulimshika kichwa. Akafika Lubumbashi, akafika Harare, akafika Doornfontein. Mashine ikazimwa. Nyuma yake alisikia droo ikifunguliwa, kisha kalamu ikikwaruza kwenye kadi mpya.

"Ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Nimeacha wapi?"

"Alhamisi ijayo weye ndiye utaniambia."

Akainua macho haraka alikozoea kuona kioo, apate kusoma kilichoandikwa. Lakini mbele yake palikuwa na ukuta mtupu na msumari wa kuning'inizia taulo. Marthe alikuwa amekigeuza kiti kabla hajaja, kikakipa kioo kisogo.